Bei Imeshuka, Spea Hazina Habari

Gari ghali kuliko yote yaliyowahi kuuzwa duniani ni la milango miwili, na ni kuukuu. Mwezi Mei 2022, kwenye makumbusho ya Mercedes-Benz mjini Stuttgart, Ujerumani, Mercedes 300 SLR ya mwaka 1955 ilipigwa mnada ikafika yuro milioni 135. Zilitengenezwa mbili tu, na mhandisi aliyezibuni, Rudolf Uhlenhaut, mojawapo aliiendesha barabarani kama gari lake la kazini. Ukimaliza kushangaa, fungua matangazo ya magari yaliyotumika ya Marekani utafute Mercedes CL 500 ya mwaka 2001. Nayo ni ya milango miwili, ya kampuni ileile, ina viti vya ngozi na vioo vya tabaka mbili, na enzi zake ilikuwa gari la wenye benki, si la wenye akaunti. Utaikuta kwa bei ambayo Dar es Salaam inakupa Toyota IST.

Hapo ndipo watu wenye akili zao hupagawa. Gari la ndoto za ujana limeshuka hadi kwenye mfuko wa mwalimu mkuu, rangi bado inang'aa, injini ukiiwasha inanguruma kwa adabu. Kinachosahaulika ni kwamba kilichoshuka ni bei ya gari peke yake. Pampu, koili, shokapu na saa za fundi vimebaki palepale vilipokuwa siku gari lilipotoka kiwandani, na vingine vimepanda. Spea hazina habari kwamba gari limezeeka. Kwa hiyo rekodi zinazofuata si za mwendo wala za uzuri. Ni za bili.

Mporomoko mkubwa

Magari karibu yote hupoteza thamani, lakini gari kubwa la kifahari la milango miwili huporomoka zaidi kwa sababu linakimbiwa na kila mtu. Mwenye familia halimfai, mfanyabiashara halimbebei mzigo, na tajiri wa kweli anataka la mwaka huu. Anayebaki ni mpenzi wa magari, ambaye mara nyingi mfuko wake ni mwembamba kuliko mapenzi yake.

Chukua Mercedes CL 600 ya toleo lililouzwa kati ya 1999 na 2006, ambalo mafundi wanalijua kwa namba yake ya kiwandani, C215. Ikiwa mpya Marekani iliuzwa karibu dola 120,000. Leo zinapatikana kwa chini ya dola 15,000. Bentley Continental GT nayo ilitoka mwaka 2003 kwa takriban pauni 110,000. Hizo za mwanzo sasa huuzwa Uingereza kwa chini ya pauni 20,000. Yaani bei iliyobaki haifiki hata moja ya tano. Sasa lipeleke gari hilo kwa wakala wa Marekani, ambako saa moja ya fundi ni kati ya dola 150 na 250, uone kama kuna atakayekupunguzia kwa kuwa ulinunua kwa bei ya kutupa.

Mfumo unaoogopwa kuliko yote

Nikiambiwa nitoe kombe moja tu, nalipeleka kwa ABC, yaani Active Body Control. Mercedes iliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 kwenye CL hiyohiyo ya C215, kisha ukaingia kwenye S-Class na SL. Gari la kawaida lina springi na shokapu, na kati ya gurudumu la kushoto na la kulia kuna fimbo ya chuma inayolizuia lisilale upande likikata kona. CL haina fimbo hiyo. Kila springi yake inafanya kazi pamoja na silinda ya haidroliki, na kompyuta huisukuma au kuivuta silinda hiyo kufuatana na barabara ilivyo. Ukikata kona, gari halilali. Ukifunga breki, pua haizami. Aliyelizoea akipanda gari jingine hujiona yuko ndani ya ngalawa.

Starehe hiyo ina gharama. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma mafuta kwa presha inayofika bar 200 hivi. Tairi la gari dogo, kwa kulinganisha, lina bar 2 na ushei. Presha hiyo inapita kwenye mipira na mabomba yaliyolizunguka gari zima, mengine karibu na joto la ekzosi, na mipira mingi ya magari haya imeshavuka miaka 20. Mpira uliochoka kwa presha ya namna hiyo hauvuji tone moja moja. Unatapika. Mafuta yakiisha pampu inazunguka kavu, na pampu kavu haichukui muda kufa. Dashibodi huandika kwa rangi nyekundu kwamba gari liko chini mno. Ukiyasoma maneno hayo ukasema ngoja nifike nyumbani kwanza, pampu umeshainunua.

Pampu mpya huanzia takriban dola 1,000 na kupanda. Silinda moja pamoja na springi yake kwa wakala ni zaidi ya dola 1,000, na gari lina nne. Kuna pia mitungi midogo ya naitrojeni inayotuliza mapigo ya presha. Ndani ya kila mtungi kuna utando wa mpira. Ukipasuka, vipande vyake huogelea kwenye mafuta na kwenda kukwama kwenye valvu. Valvu zikishindwa kuziba vizuri, gari linaanza kulala. Unalipaki jioni limesimama sawasawa, asubuhi unakuta kona moja imekaa chini kama imechoka, na sakafuni hakuna hata tone la mafuta.

Kwa sababu hiyo mnunuzi mjanja halikagui gari hili kwa dakika kumi. Analipaki usiku, anachukua tepu na kupima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, anaandika namba nne kwenye karatasi, na asubuhi anapima tena kabla ya kuwasha injini. Kisha anafungua chupa ya mafuta ya mfumo. Mafuta yanayotakiwa, Pentosin CHF 11S, ni ya kijani. Akikuta mekundu, ajue kuna fundi aliyemimina ya gia boksi akidhani haidroliki zote ni ndugu.

Wapo wanaochoka wakang'oa mfumo mzima na kufunga springi za kawaida. Marekani seti zake zinauzwa tayari. Siwalaumu. Lakini gari lenye uzito wa karibu tani mbili, ambalo halikuwahi kuwa na zile fimbo za kuzuia kulala, likivuliwa ABC linabaki kuyumba kwenye kila kona. Mwenye gari ameokoa fedha na amepoteza sababu ya kulinunua.

Plagi nyingi kuliko silinda

Gari la silinda nne lina plagi nne. V12 za Mercedes za miaka hiyo zina plagi 24, mbili kwa kila silinda. CL 600 ya kwanza ilikuwa na injini ya lita 5.8 bila turbo. Baadaye ikaja ya lita 5.5 yenye turbo mbili na nguvu farasi 500, na juu yake ikakaa CL 65 ya AMG: lita 6.0, nguvu farasi 612, na msokoto wa Nm 1,000 ambao kompyuta iliuzuia hapo kwa makusudi ili usizidi. Ndiyo maana magari hayo yalibaki na gia boksi ya gia tano wakati ndugu zake wenye V8 wanapewa ya gia saba. Ile mpya isingestahimili.

Mnunuzi anaogopa turbo, kumbe angeogopa koili. Kwenye injini hizi koili haziuzwi moja moja. Kila upande wa V una kipande kimoja kirefu kilichobeba koili 12, na ikifa moja unanunua zote. Kwa wakala kila kipande ni zaidi ya dola 1,000, na vipo viwili. Kinakaa juu ya injini, kwenye joto la turbo, na mafuta yanayovuja kwenye mfuniko wa valvu humalizia kazi. Dalili yake ni injini kukosa pigo, mwanzo kwa mbali, kisha wazi. Kuna karakana Marekani zinazovifungua vipande hivyo na kuvikarabati kwa mamia ya dola badala ya maelfu, na kwa maoni yangu hao ndio waliookoa V12 nyingi zisipelekwe kuchinjwa. Fundi mwenye busara akishafungua hapo anabadilisha plagi zote 24 palepale, maana njia ya kuzifikia ni ileile na saa za kazi zimeshalipwa.

Kila kitu mara mbili

BMW 850i ilizinduliwa Frankfurt mwaka 1989, na mfululizo huo wa 8 ukaendelea kuzalishwa hadi 1999, jumla magari yapatayo 30,600. Taa zinazojificha, mwili laini kama kokoto ya mtoni, V12 ya lita 5. Watengenezaji waliichukua injini hiyo kama injini mbili za silinda sita zilizounganishwa, na kila upande wakaupa vyake: kompyuta yake, mlango wake wa hewa, distribyuta yake. Pampu za petroli mbili. Hata betri kwenye buti ni mbili.

Uzuri wake ni kwamba upande mmoja ukifa gari linaweza kujikokota hadi gereji kwa silinda sita. Ubaya wake ni huohuo. Dereva asiyelijua gari huliona limepungua nguvu tu, akaendelea na safari, huku petroli isiyochomwa ikimiminika kwenye katalisti hadi inawiva nyekundu chini ya sakafu. Na siku ya bili hakuna spea inayonunuliwa peke yake: ukibadilisha ya kushoto iliyochoka, ya kulia ina umri uleule.

Kipande kidogo kuliko vyote, hasara kubwa kuliko zote

Ushindani hapa ni mkali. BMW M6 ya mwaka 2005 hadi 2010 ina V10 ya lita 5 yenye nguvu farasi 507, injini inayozunguka hadi mara 8,250 kwa dakika na kutoa sauti ambayo gari lenye matumizi ya nyumbani halikupaswa kuwa nayo. Ndani yake, kati ya konrodi na krankshafti, kuna beringi nyembamba za chuma, mbili kwa kila konrodi. Nafasi iliyoachwa kwa mafuta kupita hapo ni ndogo, na mafuta yenyewe ni mazito, 10W-60. Mtu akiwasha gari la baridi na kukanyaga mafuta kabla injini haijapata joto, beringi hulika kidogo. Akifanya hivyo kwa miaka, zinaisha. Injini inanoki, na siku ikinoki imechelewa.

Beringi zenyewe ni mamia machache ya dola. Kuzibadilisha, kwa kuwa lazima kushusha chasi ndogo ya mbele na sampu, hufika dola 2,500 hadi 4,000 kwenye gereji huru za Marekani. Asiyezibadilisha mapema hununua injini, na hapo tunazungumzia zaidi ya dola 10,000. Wamiliki waliokomaa hawasubiri kelele: kila wanapobadilisha mafuta wanatuma chupa ndogo ya mafuta ya zamani maabara, kwa malipo yasiyofika dola 50, waambiwe kuna risasi na shaba ya beringi kiasi gani ndani yake. Namba zikianza kupanda, gari linaingia gereji likiwa bado zima. Hiyo ndiyo ningemshauri yeyote mwenye injini ya aina hii, na huenda ndiyo dola 50 zenye faida kubwa kuliko zote katika makala haya. Gia boksi ya SMG ya gari hilohilo ina pampu yake ya haidroliki, ambayo nayo ina tabia ya kufa na kuomba zaidi ya dola 2,000.

Anayekaribia rekodi ya M6 ni Porsche 911 ya toleo la 996, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Beringi moja inayoshikilia shafti ya kati, ndani kabisa ya injini, ikivunjika huenda na injini nzima. Wamiliki wa Marekani waliungana kuishtaki kampuni, kesi ikaisha kwa makubaliano. Mafundi wa Porsche wana kanuni yao: siku gia boksi imeshushwa ili kubadilisha klachi, beringi hiyo ibadilishwe siku hiyohiyo, kwa kuwa njia imeshafunguka.

Kazi ndefu, spea ndogo

Ukimsikiliza fundi anayezijua Bentley Continental GT za mwanzo, neno utakalolisikia mara nyingi ni kushusha. Shusha injini. Chini ya boneti kuna W12, silinda 12 zilizobanwa katika umbo fupi, lita 6, turbo mbili, na hakuna nafasi ya kupitisha kidole. Gari lina uzito wa karibu tani 2.4 na mwendo wa km 318 kwa saa, sifa zilizofanya kila mtu alitake mwaka 2003. Leo kipande cha mpira wa vakyumu au bomba dogo la maji nyuma ya injini likivuja, bei ya bomba haina maana tena, kwa kuwa ili kulifikia ni lazima injini itoke pamoja na chasi yake ya mbele. Bili inakuwa ya maelfu ya pauni, na kwenye mstari wa spea unasoma kitu cha pauni 40. Ndiyo maana anayeitoa injini kwa jambo moja hubadilisha kila mpira anaouona, hata uliokuwa mzima.

Kuna nafuu moja. Continental GT ilijengwa kwa misingi inayofanana na ya Volkswagen Phaeton, na vipande kadhaa ni vilevile. Anayejua kusoma namba iliyopigwa kwenye spea huenda kwenye kaunta ya Volkswagen au Audi akalipa kidogo kuliko angelipa kwenye kaunta ya Bentley yenye nembo ya mabawa. Maji pia ni adui: mifereji ya chini ya kioo cha mbele ikiziba majani, maji huingia ndani na kukusanyika chini ya zulia, ambako kumefichwa vifaa vya umeme. Ukishika zulia la Bentley kuukuu likawa na unyevu, rudisha funguo kwa heshima uondoke.

Mercedes ya milango miwili iliyoitangulia CL ya C215, ile C140 ya 1992 hadi 1998, inashindania rekodi hiyohiyo kwa njia yake. Kifaa kinachopoza hewa ya ndani kimezikwa nyuma ya dashibodi. Kikitoboka, dashibodi yote inang'olewa, usukani, vipima, mabomba ya hewa, siku kadhaa za kazi kwa tundu lisiloonekana kwa macho. Zile za nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 zina ugonjwa mwingine: plastiki iliyofunika nyaya za injini inakauka na kumomonyoka ukiishika. Shaba inabaki uchi, na gari linaanza kuugua magonjwa ambayo hakuna mashine ya kupimia inayoyaelewa. Watu wamebadilisha sensa tano kabla ya kufikiria waya.

Iliyokaa sokoni zaidi

Jaguar XJ-S ilizalishwa kuanzia 1975 hadi 1996, magari 115,413, na katika orodha hii hakuna iliyoishi kiwandani muda mrefu kama hiyo. V12 yake ni imara kuliko sifa yake. Kinachoiua ni joto. Chini ya boneti hakuna pa kupumulia, mipira ya petroli inakauka ikapasuka, na Jaguar nyingi zimeungua kwa sababu hiyo. Kompresa ya kiyoyozi imekaa katikati ya V na kuzifunika plagi za mbele, kwa hiyo fundi mvivu hubadilisha 10, akaziacha 2 za kiwandani, na bili akaandika 12. Diski za breki za nyuma kwenye matoleo mengi haziko kwenye magurudumu: ziko katikati, ubavuni mwa difu. Difu ikivuja, breki zinaoga mafuta. Kuzibadilisha ni shughuli ya kushusha nyuma nzima.

Bili kubwa kuliko zote

Hii haina mpinzani. Bugatti Veyron, magari 450 yaliyotengenezwa kati ya 2005 na 2015, injini ya silinda 16 na turbo nne, nguvu farasi 1,001, km 407 kwa saa. Mwaka 2010 toleo la Super Sport likafika 431. Kubadilisha mafuta ya injini pekee kumekuwa kukitajwa kwa zaidi ya dola 20,000, na sababu si mafuta: yanatolewa kupitia matundu 16, na kuyafikia kunahitaji kuvua sehemu za mwili wa gari. Seti ya matairi yake maalumu ya Michelin ilitajwa kwa dola 42,000. Kwa mwendo wa mwisho matairi hayo yangedumu dakika 15 hivi, lakini tangi la petroli linaisha kwa dakika 12, kwa hiyo usalama upo.

Veyron, hata hivyo, haimdanganyi mtu. Bado inauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja, na mwenye kuinunua anajua anachokinunua. Ndiyo maana naiona haina hatari kama ile CL ya chini ya dola 15,000.

Isiyosumbua

Mwaka 1991 Toyota ilitoa gari la milango miwili lililoitwa Soarer Japani na Lexus SC Marekani. SC 400 ilibeba V8 ya lita 4 iitwayo 1UZ-FE, ambayo mafundi wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri kwa kuwa ndiyo iliyokuwemo kwenye Celsior na Crown Majesta. Injini hiyo imejenga jina ambalo Wajerumani hawana. Lexus LS 400 ya mwaka 1996 iliyokuwa mikononi mwa mwandishi wa magari wa Marekani Matt Farah ilifikisha maili milioni moja, sawa na kilomita milioni 1.6.

Matatizo ya SC 400 ni ya kibinadamu. Pampu ya usukani huvuja, na chini yake kumekaa jenereta ya kuchaji, kwa hiyo mafuta ya usukani yanaiua; fundi akikubadilishia jenereta bila kuziba pampu, mtaonana tena. Mishale ya dashibodi huzima taa. Kapasita ndani ya kompyuta huvuja zikizeeka, na fundi wa redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuzibadilisha. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 150,000 hivi. Basi.

Cha ajabu ni kwamba familia hiyohiyo ndiyo iliyomzaa mtoto mkorofi kuliko hata CL. Japani kulikuwa na Soarer yenye jina la kiwandani UZZ32, isiyo na springi za kawaida kabisa: ilibebwa na haidroliki kwenye magurudumu yote manne, na magurudumu ya nyuma nayo yalikuwa yanakata kona. Zilitengenezwa 873 tu. Waliobaki nazo wakikosa vifaa vya haidroliki hufunga springi za ndugu yake wa kawaida, na gari linakuwa Soarer kama nyingine, zito kidogo.

Huku kwetu

Kenya haipokei gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, kwa hiyo CL au 850i unayoiona Nairobi iliingia zamani, ikiwa bado kijana. Uganda imeweka mpaka wa miaka 15. Tanzania haijafunga mlango lakini inatoza ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, na ukubwa wa injini unaongeza tena. Kwa V12 inayotoka Japani au Uingereza, hesabu ya bandarini inaweza kuizidi bei ya gari lenyewe.

Kisha kuna spea. Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi utapata kila kitu cha IST kabla chai haijapoa. Ukitaja silinda ya ABC muuzaji atakutazama usoni kwanza. Wengi huishia kuagiza Sharjah, ambako magari ya kifahari ya Ghuba yaliyogongwa au kuchoka huchinjwa na kuuzwa vipande. Bei yake huvutia, ila mpira au plastiki iliyoiva kwa miaka 15 ya jua la Ghuba haina tofauti kubwa na ile unayoitoa. Chuma, nunua huko. Vioo, milango, gia boksi, sawa. Mipira ya presha, nunua mipya hata kama itabidi gari lisimame mwezi.

Ukarabati wa bei ndogo kuliko wote

Tunarudi kwa CL, maana rekodi hii nayo ni yake. Gia boksi yake ya gia tano inaunganishwa na umeme kwa plagi ya plastiki yenye pini 13, ubavuni upande wa kulia. Plagi hiyo ina mipira miwili midogo ya kuzuia mafuta. Ikizeeka, mafuta hayadondoki tu chini. Mengine hupanda kidogo kidogo ndani ya nyaya, kinyume na akili ya kawaida, hadi kwenye kompyuta ya gia iliyoko kwenye kisanduku chini ya boneti. Gari linaanza kubadilisha gia kwa kishindo, au linagoma kutoka gia ya pili, na fundi asiyejua anatangaza gia boksi imekufa.

Fungua kwanza kisanduku hicho, chomoa soketi ya kompyuta, ingiza kipande cha karatasi nyeupe. Ikitoka na mafuta mekundu, umepata mgonjwa. Plagi mpya ni chini ya dola 20, inashikwa na skrubu moja katikati, na gari likiwa juu ya jeki kazi yake ni saa moja. Soketi ya juu ioshwe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na ikaushwe, kisha irudiwe kukaguliwa baada ya wiki chache, kwa kuwa mafuta yaliyobaki ndani ya nyaya yataendelea kupanda kwa muda.